Jinsi Kisiwa cha Unguja Kilivyofanyika, na Siri ya Maji Yake

Jioni ya leo nataka kuzungumza nanyi habari za mawe. Najua wako watakaosema, "Mawe yana habari gani? Jiwe ni jiwe." Mimi mwenyewe nilikuwa katika watu hao, hata siku moja nikaulizwa swali huko Kariakoo, nikashindwa kulijibu. Basi nitaanza kwa kuwaelezeni swali hilo, kisha tutalitafuta jibu lake pamoja.

Kariakoo, kwa wale ambao hawajapata kufika, ni mtaa wa soko kuu la Dar es Salaam. Jina lake limetokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, waliopiga kambi mahali pale wakati wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Waingereza walikiita kikosi hicho "Carrier Corps", na ndimi zetu zikafanya Kariakoo. Hapo hukutana mazao ya nchi nzima, ya bara na ya visiwani, na watu wake vilevile.

Siku hiyo nilikwenda kununua nazi na karafuu. Muuza nazi alikuwa mzee wa Unguja, mzaliwa wa upande wa mashariki ya kisiwa. Muuza karafuu, aliyekaa kando yake, alikuwa kijana wa Pemba. Nikamwamkia yule mzee, "Shikamoo, mzee wangu." Akaitika, "Marahaba, mwanangu." Kisha akanitazama akasema:

"Wewe uliyesoma, hebu nieleze jambo hili. Kwetu tuna kisima kilichochimbwa na babu yangu. Tangu utoto wangu maji yake yalikuwa matamu, tukinywa sisi na jirani zetu. Sasa jirani wamechimba visima virefu, wametia mashine za kuvuta maji mchana na usiku, na kisima chetu kimeingia chumvi. Wanangu walitaka kukichimba zaidi wapate maji mazuri, wakachimba, na chumvi ikazidi. Na huyu jirani yangu asema kwao Pemba maji hupita mitoni, watu wakayaona kwa macho. Visiwa vyetu viko katika bahari moja, na mvua yetu ni ya Mungu mmoja. Mbona wao wana mito na sisi hatuna? Na mbona kuchimba zaidi kumeleta chumvi?"

Yule kijana akasema, "Mzee wangu, mimi sikucheki. Nami nataka kujua."

Sikuwa na jibu. Nilimwomba yule mzee anipe muda, nikaenda kuuliza na kusoma. Niliyoyapata ndiyo nitakayowaambieni sasa. Na nitawaambieni mapema kwamba jibu la kisima cha mzee huyu halianzi katika siku za babu yake. Linaanza mamilioni ya miaka kabla yake, kwa kuwa maji ya kisiwa hufuata jinsi kisiwa kilivyojengwa. Kisiwa ni kama nyumba: ukitaka kujua kwa nini inavuja, huna budi kujua ilijengwa kwa nini.

Tuanze na msingi wa nyumba hiyo.

Zamani sana, baina ya miaka milioni 23 na milioni 5 iliyopita, mahali palipo Unguja na Pemba leo palikuwa chini ya maji, mbele ya milango ya mito mikubwa iliyotoka bara. Ninyi mliopata kuuona mlango wa Mto Rufiji mnajua jinsi mto unavyofanya: masika huja na maji mekundu, maji hayo yamechukua udongo na mchanga kutoka mbali, na yanapofika baharini hupungua nguvu, yakautua mzigo wao. Mito ya kale ilifanya kazi hiyo hiyo. Mwaka hata mwaka ilitua matope juu ya mchanga na mchanga juu ya matope. Tabaka la chini likagandamizwa na la juu, likawa gumu, mengine yakawa udongo wa mfinyanzi na mengine yakawa jiwe la mchanga.

Je, twajuaje hayo? Yamesomwa katika mawe yenyewe. Mtaalamu wa miamba, Bwana G. M. Stockley, aliipima miamba ya visiwa hivi na taarifa yake ikachapishwa mwaka 1928. Tena katika miaka ya 1950 watu waliokuwa wakitafuta mafuta walitoboa mashimo Unguja, Pemba na Mafia, yakaenda chini zaidi ya mita 3,000. Mafuta ya kufaa biashara hawakuyapata, lakini walipata elimu: waliona matabaka juu ya matabaka, kama mtu afunuavyo kurasa za kitabu kuanzia ya mwisho kurudi ya kwanza.

Msingi huo ni wa visiwa vyote viwili, Unguja na Pemba. Lakini haukukaa kimya. Ardhi ya pwani yetu ilipasuka nyufa ndefu, upande mmoja ukainuka na upande mwingine ukadidimia. Pemba iliinuliwa upande wake, na baina yake na bara pakabaki shimo refu. Shimo hilo ndilo Mkondo wa Pemba, ambao kina chake hufika kama mita 800. Mnazi mrefu ni kama mita 25. Basi ungepaswa kusimamisha minazi 32, mmoja juu ya mwingine, ndipo kilele cha wa mwisho kitokeze juu ya maji. Mkondo wa Unguja haulingani na huo hata kidogo. Sehemu yake kubwa kina hakizidi mita 50, yaani minazi miwili tu. Hesabu hizi mbili, minazi 32 na minazi miwili, naomba mziweke moyoni, maana tutazihitaji baadaye.

Sasa tuje kwenye ukuta na sakafu ya nyumba yetu, yaani jiwe la matumbawe.

Matumbawe hayakushushwa na mto. Yamejengwa na viumbe vidogo vya baharini, vingi vyao vidogo kuliko punje ya mtama. Viumbe hivyo huvuta chokaa iliyoyeyuka katika maji ya bahari, vikajifanyizia vyumba vya mawe. Kimoja hufa, kingine hujenga juu ya chumba chake, na hivyo mwamba hukua. Hupenda maji ya vuguvugu, safi, yasiyo na kina kirefu, ambamo mwanga wa jua hufika. Ndiyo sababu twayaona pwani yetu, wala hatuyaoni mbele ya milango ya mito yenye matope.

Yapata miaka 125,000 iliyopita, bahari ilikuwa juu kuliko leo kwa mita 6 hata 9 hivi. Mahali pengi palipo vijiji vya mashariki ya Unguja leo palikuwa chini ya maji, na matumbawe yalikuwa yakijenga. Baadaye bahari ikashuka, matumbawe yakaachwa juu yakafa, na mvua na jua vikayafanya jiwe gumu la kijivu, lenye ncha kali na matundu tele. Jiwe hilo mtaliona katika magenge ya pwani ya Unguja. Mtaliona vilevile Dar es Salaam, huko Msasani na Kigamboni. Boma la zamani lililo karibu na bandari ya Dar es Salaam, lililojengwa siku za Sayyid Majid miaka ya 1866 na 1867, kuta zake ni matumbawe. Nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja ni matumbawe na chokaa. Tena kilima cha Wazo, kaskazini ya Dar es Salaam, ni jiwe la namna hiyo hiyo, na tangu mwaka 1966 limekuwa likisagwa na kuchomwa ili kupata saruji. Basi mtu wa Kariakoo aliyejenga ghorofa kwa saruji ya Wazo, amekaa ndani ya kazi ya vile viumbe vidogo, ingawa hajui.

Nanyi wanafunzi mnaonisikiliza, mwaweza kujaribu jambo hili nyumbani. Chukueni kipande cha jiwe la matumbawe, mkikwangue mpate unga, kisha mkamulie ndimu juu yake. Mtaona povu dogo likichemka bila moto. Mkifanya hivyo juu ya mchanga mweupe wa mtoni hamtaona kitu. Ukali wa ndimu hula chokaa. Na maji ya mvua nayo yana ukali kidogo, ambao huyapata hewani na katika majani yaliyooza. Ukali huo ni mdogo sana kuliko wa ndimu, lakini mvua ina subira. Katika maelfu ya miaka imekula jiwe la matumbawe ikafanya matundu, na matundu yakawa njia, na njia zikawa mapango. Mapango hayo yako mengi Unguja, na katika pango la Mangapwani hata leo kuna dimbwi la maji matamu chini ya mwamba.

Sasa mwaweza kuelewa kwa nini Unguja ina nchi mbili katika kisiwa kimoja. Upande wa magharibi na katikati kuna miinuko, kama ule wa Masingini, ambapo udongo ni mwingi. Wenyeji huuita kinongo ule mwekundu, na kinamo ule mzito unaonata. Hapo mikarafuu na migomba husitawi, na vijito hupita. Upande wa mashariki na kusini ni nchi ya maweni na uwanda, ambapo jiwe liko juu na udongo ni kiasi cha kujaza matundu tu. Mto Mwera hutoka katika miinuko, ukielekea nchi ya matumbawe. Ukifika huko humezwa na ardhi, ukapotea chini. Mtu asiyejua hudhani mto umekauka. Haukukauka, umehamia chini ya ardhi.

Pemba imejengwa zaidi kwa ule udongo na mchanga wa mito ya kale, na matumbawe yako hasa katika kingo zake. Nchi yake ni vilima na mabonde, udongo wake ni mzito, na maji hayamezwi upesi. Hushuka bondeni yakawa kijito. Waarabu wa zamani waliiita Kisiwa cha Kijani, wala hawakukosea. Ni kweli kwamba mikarafuu ya Pemba ilipata cheo pia kwa sababu ya dhoruba kubwa ya mwaka 1872, iliyoangusha mikarafuu mingi ya Unguja. Lakini mti huhitaji udongo wa kusimamia, na Pemba ilikuwa nao tayari.

Hilo ndilo jibu la nusu ya kwanza ya swali la mzee wetu: kwa nini wao wana mito ya kuonekana, na nchi yake haina. Lakini kisima chake je? Hapo hatuna budi kutazama bahari yenyewe, ilivyoshuka na kupanda.

Yapata miaka 20,000 iliyopita dunia ilikuwa na baridi kuliko leo. Nchi za kaskazini ya Ulaya na kaskazini ya Marekani zilifunikwa na barafu nene. Barafu hiyo ilikuwa maji yaliyotoka baharini, yakapanda kuwa mawingu, yakaanguka kuwa theluji, wala yasirudi. Bahari ikapungua duniani pote, ikashuka kwa mita 120 hivi.

Sasa kumbukeni minazi yetu. Mkondo wa Unguja, wenye kina cha mita 50, ukaondokewa na maji ukawa nchi kavu. Mtu angeweza kutoka mahali palipo bandari ya Dar es Salaam leo akaenda Unguja kwa miguu, na boti za siku hizi zinazokwenda mwendo wa saa mbili hazingekuwa na kazi. Mafia nayo ilikuwa sehemu ya bara. Lakini Mkondo wa Pemba, wenye mita 800, haukukauka. Pemba ilibaki kisiwa.

Ushahidi wa maneno hayo uko mwingi, nitataja mitatu. Wa kwanza uko katika pango la Kuumbi, kusini-mashariki ya Unguja. Tangu mwaka 2005 wataalamu wa mambo ya kale wamechimba humo mara kadhaa, na katika matabaka ya chini wamekuta mifupa ya punda milia na nyati, pamoja na vyombo vya mawe vya watu wa kale. Punda milia haogelei bahari ya kilometa 35, wala hakuna aliyempakia chomboni zama zile. Alitembea. Baadaye nchi ikawa kisiwa, malisho yakapungua, watu wakawinda, na jamaa yake ikaisha Unguja.

Ushahidi wa pili ni Pemba yenyewe. Huko wako popo wakubwa na ndege wa namna nne ambao hawapatikani mahali pengine popote duniani, maana visiwa vilivyotengwa muda mrefu hufanyiza viumbe vyao wenyewe, na wenye mabawa ndio wanaoweza kufika.

Ushahidi wa tatu tunao Dar es Salaam, na watu huupita kila siku. Tokeni Kariakoo kwa miguu, mshuke mpaka bandarini, mtazame ule mlango mwembamba wa bahari na ile hori iliyopinda kuingia bara. Kwa nini bahari imeingia namna ile? Kwa sababu hapo palikuwa bonde la mto. Bahari ilipokuwa chini, mto ulichimba bonde lake kwenda kuifuata; bahari iliporudi, ililijaza bonde. Bandari ya Salama iliyoupa mji wetu jina ni bonde lililozama.

Maana barafu iliyeyuka, na bahari ikarudi. Haikurudi kwa siku moja, bali kwa maelfu ya miaka. Yapata miaka 10,000 iliyopita maji yalikwisha kupita baina ya Unguja na bara, na kile kilichokuwa kilima cha bara kikawa kisiwa.

Sasa sikilizeni vizuri, maana tumefika kwenye kisima. Bahari ilipoizunguka Unguja haikukomea ufukweni. Mwamba wa matumbawe una matundu, nayo maji ya chumvi yakapenya ndani yake kutoka pande zote. Basi chini ya Unguja mashariki kuna bahari ndani ya jiwe. Juu yake huanguka mvua ya masika na ya vuli, ikazama katika matundu yale yale mpaka ikakutana na maji ya chumvi. Je, hukutana yakachanganyika mara moja? Hapana. Maji matamu huelea.

Jaribuni kwa yai. Litieni yai bichi katika maji ya kisima, litazama. Litieni katika maji yaliyokorogwa kwa chumvi nyingi, litaelea. Maji ya chumvi ni mazito zaidi. Lita moja ya maji matamu ina uzito wa gramu 1,000. Lita moja ya maji ya bahari ina kama gramu 1,025. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayowanywesha watu wa mashariki ya Unguja. Maji ya mvua hukaa juu ya maji ya bahari kama chombo kilichopakiwa shehena: sehemu ndogo yaonekana juu ya maji, na sehemu kubwa imezama.

Wataalamu wameipima hesabu yake. Mahali ambapo maji ya kisima yako juu ya usawa wa bahari kwa futi moja, chini ya usawa huo kuna maji matamu ya kama futi 40, kisha huanza chumvi. Yakiwa juu kwa futi mbili, chini kuna futi 80. Haya basi, igeuzeni hesabu hiyo. Mkiyavuta maji kwa mashine hata yakashuka futi moja tu, chumvi kutoka chini hupanda, kidogo kidogo, mpaka kufika futi 40. Na aliyechimba zaidi ili kukimbia chumvi amekwenda kuilaki. Katika kisiwa cha matumbawe maji matamu yako juu na chumvi iko chini.

Hicho ndicho kilichokipata kisima cha babu. Babu alichota kwa ndoo na kamba. Alichokitoa mchana, mvua ya mwaka ilikirudisha. Mashine haina mkono wa kuchoka. Tangu miaka ya 1990 nyumba za wageni zimeongezeka sana pwani ya mashariki, na watu wa vijiji wameongezeka vilevile, na wote hunywa katika chombo kimoja kilicho ndani ya jiwe, ambacho hakuna akionaye. Mmoja akikitoboa, wote huzama. Tena bahari yenyewe imepanda duniani kwa kama sentimeta 20 tangu mwanzo wa karne ya 20, kwa sababu dunia inazidi joto, maji ya bahari yanapanuka na barafu inayeyuka. Nayo hiyo ni sababu ya kuzidi kujihadhari.

Wala watu wa Dar es Salaam wasidhani kwamba habari hii ni ya visiwani tu. Kariakoo imekaa juu ya mchanga wa bahari ya kale, na jirani yake ni bonde la Msimbazi linalofuatwa na maji hata baharini. Mwaka 1997 ukame ulipopunguza maji ya mto, visima vingi vilichimbwa katika mji huu, na tangu hapo vimezidi kuongezeka. Vilivyo karibu na pwani vimeonekana kuingia chumvi. Sheria ya yai haibagui mji na shamba.

Basi tufanye nini? Nina mashauri manne, wala si mageni.

La kwanza, kisima cha pwani kisiwe kirefu kupita kiasi. Ni bora visima vingi vya kina kifupi, kila kimoja kikitoa kidogo, kuliko kimoja kirefu kinachovuta kwa nguvu mahali pamoja. Na kisima kikianza kuonja chumvi, kipumzishwe, kisichimbwe.

La pili, mvua ikingwe juu ya mapaa na kuwekwa katika matangi. Kila pipa la maji ya paa ni pipa ambalo halikuvutwa ardhini. Nchi ya matumbawe haina mto wa kuchota, lakini ina masika.

La tatu, vyoo na taka viwe mbali na visima, wala pango lisifanywe jaa. Mchanga huchuja maji, lakini jiwe la matundu halichuji. Unachokitupa pangoni leo, jirani yako aweza kukinywa baada ya siku chache.

La nne, wanaotumia maji ya ardhi moja wakae pamoja wapatane, mwenye nyumba ya wageni na mwenye shamba, kila mmoja ajue kiasi chake. Wazee wetu walikuwa na taratibu za visima: nani huchota lini, na nani husafisha. Taratibu hizo zilikuwa na akili ndani yake.

Juma lililofuata nilirudi Kariakoo. Nilimkuta yule mzee mahali pake, na kijana wa karafuu kando yake. Niliomba bilauri mbili na yai, nikawaonyesha kama nilivyowaelezeni ninyi. Watu wakakusanyika kutazama. Mzee akalitazama lile yai lililoelea kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe babu alikuwa akichota juu ya bahari, na bahari ilikuwa imemvumilia."

Nikamwuliza kama kisima chake kitapona. Nilimwambia kweli, kwamba chumvi hupanda upesi na hushuka polepole. Yaweza kuchukua masika mengi. Akasema atawapigia simu wanawe wafukie lile shimo walilolizidisha chini, wakiache kisima kipumzike, tena wawaite jirani wakae wazungumze. Kijana wa Pemba akamfungia karafuu kidogo katika karatasi, akasema, "Hizi za mkutano, mzee wangu. Watu wakinywa chai nzuri husikilizana."

Wasikilizaji, mito ya kale iliweka msingi, viumbe vidogo vikajenga kuta, bahari ikashuka na kupanda, na mvua ikajaza chombo. Kazi hiyo imechukua mamilioni ya miaka. Kuiharibu huhitaji mashine moja na miaka michache. Yule mzee na jirani zake wameanza kuzungumza. Nanyi mlio karibu na bahari, kabla hamjachimba kisima kingine, ulizeni kwanza mmesimama juu ya jiwe gani.